Chagua Kinanda kwa Chungu cha Maharagwe

Naikumbuka siku ambayo shangazi yangu Sidi aliteleka chungu cha pure, akanigeukia akasema, "Shika kayamba lako. Utatikisa mpaka hiki chungu kiive." Naikumbuka kwa mabega zaidi ya kichwa. Kichwa kimeshasahau mengi, lakini mabega yangu hayajamsamehe shangazi mpaka leo.

Mwanangu, wakati huo mimi ni msichana, kwetu Tezo, na ndiyo kwanza nimeruhusiwa kuingia kwenye ngoma ya wanawake. Kayamba ni sanduku bapa la mabua, ndani mna mbegu. Unalishika kwa mikono miwili na kulitikisa, na zile mbegu zikikimbia huku na huku ndipo ngoma inapata mwendo. Fundi alileta mawili nichague. Moja dogo, rangi ya majani makavu, halina pambo lolote. La pili lilikuwa pana kama mlango wa banda la mbuzi, limezungushiwa shanga nyekundu na vipande vya kioo vinavyomeremeta. Sikuuliza uzito wake. Nilichouliza moyoni ni jinsi rafiki yangu Mbeyu atakavyonuna akiniona nalo.

Shangazi hakunikataza. Aliniangalia, akaliangalia lile kayamba, kisha akaingia jikoni kuteleka. Pure ni mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, kama hukukulia kwetu, na haiivi upesi.

Mwanzo nilitikisa kwa madaha, shingo nimeikunja hivi. Maji hayajaanza hata kuchemka, mabega yakaanza kuniuma. Shanga zikanikwaruza viganja. Nikamwambia, "Shangazi, nipumzike kidogo."

"Na siku ya arusi utamwambia nani hivyo? Bwana arusi?"

Nikaendelea, jasho linaniingia machoni. Mwishowe lile dude likaniteleza, likaangukia juu ya chungu, chungu kikapinduka, maji yakazima moto, na nyumba nzima tukalala na uji. Kaka zangu waliniita Mlango wa Banda mpaka nikaolewa.

Kesho yake shangazi akateleka tena, nikapewa lile dogo. Nikatikisa. Nikasahau kama kuna chungu, nikasahau kama kuna shangazi. Nilizinduka nilipogongwa mwiko wa utosi.

"Pure imeiva zamani! Tunakuita, husikii!" Halafu akatabasamu, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra kama mvua ya Januari. "Basi hilo ndilo lako. Ukishika chombo ukasahau chakula, hicho chombo ni chako. Ukishika chombo ukawa unakiangalia chungu, kirudishe kwa fundi."

Sasa nitakuambia kwa nini nimelikumbuka hili uzeeni.

Nina mjukuu, Karisa. Amepanga chumba kimoja Mtwapa. Mchana anauza misumari na saruji kwenye duka la watu, jioni anatengeneza nyimbo kwa kompyuta. Dada yake Dama alipoposwa, Karisa alisimama mbele ya ukoo mzima, hakutumwa na mtu, akaahidi kwamba wimbo wa kumwingiza bibi arusi atautengeneza yeye. Sauti zitakuwa zetu sisi wanawake wa Tezo, na ngoma itakuwa yake. Baba yake Katana, ambaye ni mwanangu wa kumzaa na nampenda lakini mdomo wake hauna mlango, akacheka hadharani. "Taibu," akasema. "Ukishindwa nitakodi mtu wa disko kutoka mjini, na wewe ndiwe utakayembebea spika."

Watu walicheka. Karisa naye alicheka, lakini mimi namjua. Lile neno lilimchoma.

Na kushindwa kulikuwa kunamnyemelea. Ngoma alikuwa anaipiga kwa kidole kimoja juu ya herufi za kompyuta, na ilikuwa inatoka kama mtu anayegonga mlango wa jirani asiyemjua. Tok. Tok. Samahani. Tok. Kwa ngoma hiyo Dama angefika kiti cha arusi akiwa na wajukuu.

Basi akaja kwangu mtaa wa Barani, hapa Malindi nilikoolewa, akaniamkia vizuri kuliko kawaida, nikajua kuna jambo. Anataka kinanda cha kuunganisha kwenye kompyuta. Amejiwekea akiba, lakini haijatosha.

"Nitakuongezea," nikamwambia. "Lakini tunakwenda wote."

"Hawe," akasema, maana ndivyo wajukuu wetu wanavyomwita bibi, "haya ni mambo ya midi, ya vinanda kuongea na kompyuta, utachoka."

"Nitachokea hukohuko dukani."

Duka lenyewe lipo hapa Malindi mjini. Mwuzaji alikuwa kijana mwenye adabu zake, kofia ya kushonwa kichwani. "Shikamoo bibi. Karibuni, starehe."

"Marahaba. Huyu anataka kinanda. Mimi nataka kiti."

Nikaletewa kiti. Karisa hakuketi. Alikuwa ameshasimama mbele ya kinanda kimoja kirefu kama jeneza, kina taa za rangi zote, kina vifundo vya kuzungusha, kina kioo kidogo kinachoandika maneno. Macho yake yalikuwa yaleyale yangu mbele ya shanga nyekundu. Nikanyanyuka, nikabonyeza jino moja. Kimya. Nikabonyeza la pili. Kimya.

"Hiki kimekufa," nikasema.

"La, bibi, ki hai. Hivi vyote havina sauti zao. Sauti imo ndani ya kompyuta."

"Kwa hiyo unamwuzia mjukuu wangu meno bila ulimi?"

Kijana akacheka mpaka akashika meza, lakini akanieleza vizuri, na mimi nikaelewa. Kinanda hiki ni kama mtoto unayemtuma dukani. Yeye hana unga, anapeleka neno tu: nimebonyezwa hapa, kwa nguvu hii. Kompyuta ndiyo yenye unga. Ukiiambia ilie kama zeze, italia zeze, ukiiambia ngoma, ngoma. Kumbe basi huwezi kukichagua kwa uzuri wa sauti. Unamchagua mjumbe kwa wepesi wa miguu, na kwa kufikisha neno kama ulivyompa.

"Hiki kirefu ndicho chenyewe, bibi," kijana akasema. "Meno yake mazito, kama piano ya kanisani."

"Karisa," nikasema, "utakiweka wapi?"

"Juu ya kitanda, Hawe."

"Na wewe utalala wapi? Ndani ya boksi lake?"

Hapo ndipo nilipopata harufu ya mkaa. Nje ya mlango wa duka kulikuwa na mama anayepika chakula cha mchana cha kuuza, na alikuwa ndiyo anaweka sufuria kubwa jikoni. Nikachungulia.

"Binti, unapika nini?"

"Maharagwe ya nazi, bibi. Ndiyo nimeteleka sasa hivi. Subira kidogo."

"Subira ninayo. Yakiiva, niite." Nikarudi kwenye kiti changu. "Karisa, piga wimbo wa Dama. Utapiga mpaka maharagwe yaive."

"Hawe, watu wanatuangalia!"

"Na arusini watafumba macho?"

Mwuzaji, Mungu amlinde, hakuwa na mteja mwingine. Akaunganisha kile kirefu kwenye kompyuta ya duka, akaweka sauti ya ngoma. Karisa akaanza. Akapiga kwanza vitu vya kunitambia, vidole vinatambaa kama kaa. Nikamwambia, "Sijaja kusikia kaa. Nipigie ngoma yetu." Akaanza ngoma. Yale meno mazito yalikuwa yanamrudishia vidole polepole, na ngoma yetu haimngoji mtu. Akapotea, akarudi, akapotea. Mimi nikawa naziangalia zile ncha mbili za kinanda, ya huku na ya huku. Zilikaa pale kama wageni ambao hakuna aliyewakaribisha. Hakuzigusa hata kwa bahati mbaya.

"Kijana," nikamwita mwuzaji, "hapa katikati anapopagusa tunapataka. Katia hapa, na hapa, utufungie."

"Bibi, si kitambaa hiki!"

"Basi mbona unatuuzia jora zima na sisi tunashona shati?"

Karisa akaacha kupiga, akakunjua viganja. "Yameiva?" akauliza.

Yule mama akajibu kutoka nje, "Hata hayajatokota, kaka!"

Kirefu tukakirudisha. Sasa mwuzaji akasoma uso wangu akadhani nimekuja kutafuta kidogo, akaleta kimoja kinachoingia kwenye mkoba wa kwendea sokoni. Nilikipenda, sikufichi. Lakini Karisa ana mikono ya babu yake, na meno ya kile kinanda yalikuwa ya mtoto wa kunyonya. Kila akibonyeza moja, la pili linaitika. Ngoma ikawa kama harambee ya walevi. Kabla mtu hajasema, yeye mwenyewe akakisukuma kando. "Hapana. Hiki kinanibana."

Hapo nikamheshimu, maana safari hii aliuliza mikono yake kabla ya kuniuliza mimi.

Cha tatu kilikuwa kwenye rafu ya chini, kina vumbi. Urefu wake wa wastani, kinakaa juu ya meza ya kulia. Hakina taa za kujivunia. Ila upande mmoja kina vipande vinane vya mpira, vya mraba, vya kupiga kwa vidole kama ngoma. Nikavijaribu mimi kwanza. Nikalaza kiganja, pa!

"Kwa kidole, bibi, kwa kidole!" kijana akaruka.

Nikapiga kwa kidole. Polepole, ikatoka polepole. Kwa nguvu, ikatoka kwa nguvu. Nikarudi kwenye kiti changu. Mjumbe huyu alikuwa hapunguzi neno wala haongezi.

Karisa akashika. Mara ya kwanza alikosea. Mara ya pili mkono wa kushoto ukaipata ngoma kwenye vile vipande vya mpira, wa kulia ukaenda kwenye meno kutafuta sauti zetu. Mabega yake yakashuka. Mguu ukaanza kupiga sakafu bila kuambiwa. Mpita njia akasimama mlangoni na mzigo wake wa makuti kichwani. Mimi nikaufuata wimbo kwa mdomo uliofungwa, halafu ukafunguka wenyewe.

"Bibi!" yule mama akaita. "Yameiva!"

Nikamtazama Karisa. Anaendelea.

"Kaka! Maharagwe!"

Hakusikia.

Nikatafuta mwiko, hakuna, nikamgonga utosi kwa kishikio cha mwavuli. "Funga hiki," nikamwambia mwuzaji. Kisha tukatoka nje tukala maharagwe, na mwuzaji akala nasi.

Arusi ilifika. Katana hakukodi mtu wa disko. Alikuwa amesikia wimbo siku tuliyokwenda kutia sauti zetu kwenye kompyuta ya Karisa, na asubuhi ya arusi nilimwona kwa macho yangu anashusha spika begani, jasho linamtiririka, na mwanawe amekaa anaunganisha nyaya. Nilikohoa tu.

Dama akaingia kwa wimbo wa kaka yake. Wanawake wa Tezo walioniambia magoti yamekwisha, magoti yakarudi. Wimbo ukaisha, wakadai urudiwe. Ukarudiwa. Na katikati ya hapo mpishi akatoka nyuma ya nyumba kutangaza kwamba pilau tayari. Mwanangu, mimi nimezaliwa pwani hii na nimezeekea pwani hii, sijawahi kuona arusi ambayo pilau imetangazwa na watu hawakugeuka. Mpishi akatangaza tena. Akaja na kifuniko cha sufuria, akakipiga kwa mwiko mbele ya nyuso zetu, na sisi tukadhani ni ala nyingine imeongezwa, tukamshangilia. Mwishowe naye akacheza.

Basi nisikilize, wewe unayetaka kutengeneza muziki chumbani kwako. Usinunue kinanda ulichokiona mkononi mwa mtu mwingine kwenye simu. Mtu huyo hana mikono yako wala kitanda chako. Pima meza yako kwanza, kwa kamba kama huna futi. Nenda na wimbo mmoja unaoujua mpaka usingizini, uupige huo, si vitu vya kumtambia mwuzaji. Kama nyimbo zako ni za ngoma, tafuta cha kupigwa kama ngoma. Kama wewe ni wa piano, basi yale meno mazito ni yako, chukua kirefu na Mungu akupe chumba cha kukiweka. Hakikisha kinaelewana na kompyuta uliyo nayo wewe, siyo ya dukani, na usiondoke bila waya wake. Taa usizihesabu. Taa ni shanga. Na upige kwa muda mrefu, mwanangu, usione haya, hata mwuzaji akipiga miayo. Ukijiona unauliza kama chakula kimeiva, kirudishe kwenye rafu.

Mungu akupe chombo kinachokutosha mikononi. Akupe majirani wasio wepesi wa kukasirika. Akupe wimbo utakaowafanya watu waitwe mezani wasisikie, na siku hiyo, wakishasahau wote, abaki mtu mmoja mwenye akili wa kukuwekea sahani yako.