Mama Hansa, majani ya babu yake na kitabu changu cha kwanza

Wakuu, nawasalimu kutoka Birmingham. Haya yamenipata mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni nesi, Mkenya, naishi Great Barr. Nikiwa off huwa naandika hadithi za Kiswahili. Publishers niliowatumia hawakujibu hata mmoja.

Rafiki wa kanisani akanielekeza Moseley kwa Mama Hansa, Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Anachapisha vitabu nyumbani kwake: miswada ya kale ya India, pamoja na waandishi wapya ambao hakuna anayewajua.

Akapokea hadithi zangu. "Nitasoma, mwanangu. Wewe njoo Jumamosi unishikie taa, nipige picha za majani ya babu."

Nikaenda.

Ni mashairi ya Kisanskriti yaliyochanjwa kwenye majani ya mtende, membamba kama rula, mengine yana michoro. Ukiyakunja kidogo tu yanavunjika. Nilikuwa naogopa hata kupumua.

Tukiwa kazini akaingia Kirit, mdogo wake Mama Hansa. Alishapata mtu wa kununua majani yenye michoro, aweke kila moja kwenye fremu.

"Dada, nani atasoma haya? Watoto wetu hata ukiwasemesha Kigujarati wanajibu kwa English."

Mama Hansa hakubishana. Alianza kusoma kwa sauti. Jani la kwanza, la pili, la tatu. Lililofuata lilikuwa na mchoro, akaliweka kando, akaendelea na la mbele yake.

Kirit akamkatiza. "Hapo umeruka."

"Nimeruka lile unalouza."

Wakuu, kumbe baba yao alikuwa akiwasomea mashairi hayo kila asubuhi walipokuwa wadogo. Kirit akavuta kiti, akalisema lile jani lote bila kuliangalia.

Kisha akampigia mnunuzi simu, akamwambia basi.

Sasa majani yote yamehifadhiwa pamoja kwenye archive, na Mama Hansa amechapisha kitabu cha zile picha.

Mimi je? Alinirudishia hadithi mbili niziandike upya. Nilinuna wiki nzima, lakini alikuwa sahihi. Kitabu kimetoka, tumekizindua ukumbini kule Aston, na nimesimama mbele ya watu nikasoma Kiswahili changu.

Nilichojifunza: kuhifadhi maandishi si kuyafungia tu, ni kuhakikisha kuna mtu anayasoma.

Nani hapa ameandika kitu na hajawahi kumsomea mtu? Weka paragraph moja hapa chini. Mimi nitaisoma.