Mdogo Wangu Alikataa Kushika Kombe Lake

Mdogo wangu alifunga mabao mawili kwenye fainali, akatangazwa mchezaji bora, halafu akakataa kushika kombe.

Nahodha mzima! Wenzake wanamsukumia, yeye anarudi nyuma kama kapewa nyoka.

Mimi pembeni napiga mayowe: "Armel, lishike! Watu wanapiga picha!"

Akaniangalia. Akavua kitambaa cha unahodha, akaenda zake kwenye basi la timu.

Watu wakasema anaringa. Hata mimi nilisema. Leo nawapa ukweli, maana nimeukalia miaka mingi na umenichoma.

Ilikuwa Toronto, mwaka tisini na saba. Mimi ni Onesphore, mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Shule yangu ni mtaa. Nilikuwa nashona viti kiwandani, nakaa ghorofa ya tisa pale mtaa wa Jane na Finch, na Jumapili baada ya ibada nyumba yangu inajaa mpaka watu wanakula wamesimama. Nyumba ikiwa tupu, mimi naumwa.

Armel nilimlea mimi baada ya wazee wetu kufariki. Alikuwa anamaliza chuo kimoja kidogo na alitaka kuendelea chuo kikuu, awe mhandisi. Uwezo hatukuwa nao. Njia ilikuwa moja tu: mguu wake. Wasaka vipaji wa vyuo vikuu wamwone, wampe ufadhili.

Sasa, ligi yao ilikuwa na vyuo vikubwa vinane na vidogo sita. Mwisho wa msimu vyote viliingia mtoano mmoja, na vidogo vilichapwa kila mwaka, tano, sita, bila huruma.

Mwaka ule likaja pendekezo: vidogo vijitenge, viwe na mtoano wao na kombe lao. Manahodha sita wapige kura. Kura nne, limepita. Tatu kwa tatu, limekufa.

Niliposikia tu, nikaliona kombe sebuleni kwangu. Nikajiambia, mwenye kombe ndiye anayeonekana.

Jumapili kabla ya kura, Armel akanifuata jikoni nasonga ugali.

"Kaka, nina neno kuhusu ile kura."

"Baadaye, mdogo wangu. Wageni wako mlangoni."

Siku hiyo alimleta Shamil, nahodha wa chuo kingine kidogo, kijana wa Kiismailia kutoka Unionville, nje kidogo ya jiji, wazazi wake watu wa Mwanza. Kiswahili chake cha kuungaunga, lakini ugali anaujua.

"Shamil, mwaka jana wakubwa waliwafunga ngapi?"

"Saba, anko."

"Saba! Na mnarudi tena? Mnapenda viboko nyie?"

Nyumba ikaangua kicheko. Mke wangu Médiatrice akadakia: "Waache wale! Wewe mwenyewe ukipiga mpira kiatu ndicho kinachoruka."

Wakacheka zaidi. Basi nikapandwa mzuka. Nikasimama na mwiko mkononi.

"Sikilizeni! Sisi wa nyumba hii tunapiga ndiyo. Na kombe la kwanza linakuja hapa hapa, wote mmealikwa!"

Vigelegele.

"Au vipi, nahodha?"

Armel alikuwa anaangalia sahani yake. "Kama kaka alivyosema."

Kwetu mdogo hampingi mkubwa wake mbele ya wageni. Nalijua hilo tangu utoto. Na bado nilimuuliza mbele ya watu thelathini.

Pendekezo likapita. Msimu ukaisha, chuo cha Armel kikatwaa kombe, na Armel akalikataa kama nilivyowaambia.

Nikawa nazunguka pale uwanjani nikimtafuta yeyote mwenye daftari na jina la chuo kikuu kifuani. Shamil akanikuta.

"Anko, hao wasaka vipaji huwaoni leo. Wako kwenye mtoano wa wakubwa. Huku hawaji."

"Armel alijua?"

"Alijua."

"Sasa mbona alipiga ndiyo?"

Shamil akanywea kidogo. "Anko, usikasirike. Mimi nilikula ugali wako, nikapiga hapana. Tulinyoosha mikono. Ndiyo tatu, hapana mbili, kabaki Armel. Mwenyekiti alimwita mara mbili. Ndipo akanyoosha. Nikamuuliza, umerogwa? Akasema, 'Kaka ameshawaambia watu. Nikipinga, Jumapili atakaa nao na uso gani?'"



Nikaenda kwenye basi. Kakaa dirishani.

"Armel, nisamehe."

"Si neno, kaka. Wahi nyumbani, wageni watafika kabla yako."

Alisema kwa upole. Angenitukana, labda ningepona.

Ufadhili haukuja. Mwezi wa tano alianza kazi kiwandani kwetu, mashine ya jirani na yangu. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nashindwa kugeuza shingo upande ule.

Watu huniuliza kama vile vyuo vidogo vilikosea. Hapana. Siku ile niliona vijana ambao hawajawahi kunusa fainali wakilia kwa furaha, na kombe lile walistahili. Kosa lilikuwa langu: nilisema "sisi" kwa jambo ambalo gharama yake ingelipwa na mtu mmoja, na huyo mtu si mimi.

Kwa hiyo wewe mkubwa wa nyumba unayesoma hapa, shika hili. Ukimuuliza mdogo wako mbele ya watu, hujamuuliza. Umemwamuru.