Bolti Nne za Mwalimu Rwiza

Nakumbuka siku Mwalimu Rwiza alipoingia dukani kwetu Kayanga amekumbatia kopo la maziwa ya unga lililojaa bolti za kutu. Naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na hakuna siku niliyoikumbuka nikafurahi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Baba yangu alikuwa na duka la vipuri vya magari, na wiki ile aliniachia kaunta peke yangu, yeye amekwenda Bukoba kuchukua mzigo. Mafundi walikuwa wakiingia, wananitazama, wanauliza, "Mzee yuko wapi?" Wakisikia hayupo wanageuka na kuvuka barabara kwenda duka la pili. Hawakuniuliza hata kama kitu wanachotaka kipo. Msichana atajua nini habari za magari?

Nami nilijua. Baba, ambaye babu yake alitoka Pangani na biashara yake kichwani, alinifundisha bolti na nati tangu nikiwa mdogo. Alinionyesha namba zilizogongwa kwenye vichwa vya bolti. "Yenye namba kama hii ni chuma kigumu," aliniambia. "Isiyo na namba ni ya geti na vitanda. Unene utakuwa mmoja, uzi mmoja, lakini kazi si moja. Kama hatuna, sema hatuna." Maneno hayo niliyasikia mara nyingi hata nikawa namalizia mwenyewe kabla yake.

Mwalimu Rwiza alikuwa mstaafu kutoka Nyakatuntu. Marehemu kaka yake alimwachia pikapu iliyokaa miaka nyuma ya jiko, katikati ya migomba, kuku wanatagia ndani. Yeye akaamua kuifufua kwa mikono yake. Aliifungua kipande kwa kipande, na kila bolti aliyoitoa aliifunga kikaratasi kwa uzi, ameandika kwa mwandiko ule wa ubaoni imetoka wapi. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo.

"Nimemwahidi Mama Koku," alisema. Mama Koku ni mkewe. "Ametembea kwenda kanisani kwa miguu tangu nimemwoa. Nataka siku moja aende amekaa mbele."

Tulifanya kazi asubuhi nzima. Anatoa bolti kuukuu, napima unene, nahesabu uzi, natafuta mwenzake. Zikabaki nne tu, zile zinazoshika boksi la usukani kwenye chesisi, ule mfupa wa chini wa gari. Zilikuwa na namba kichwani. Nikavuta sanduku la bolti za namba ile, nikalikuta tupu.

Mwanangu, hapo ndipo nilipotakiwa kusema neno moja. Lakini mlangoni walikuwa wamesimama mafundi wawili, wanasubiri kuona kama huyu binti atamaliza. Niliona aibu kumrudisha mtu mbele yao. Nikaingiza mkono kwenye sanduku la bolti za mageti, nikatoa nne mpya zinazong'aa, zikaingia kwenye nati zake bila shida.

Mwalimu akaziinua karibu na macho. "Mbona hizi hazina namba?"

"Namba ni alama ya kiwanda tu, Mwalimu. La muhimu ni unene."

Alinitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye unayejua." Kisha akawageukia wale mafundi. "Huyu binti anaifahamu kazi yake. Muulizeni yeye."

Na kweli waliniuliza. Siku ile niliuza kama mtu mzima, na jioni nilikwenda nyumbani nimejaa sifa. Baba aliporudi sikumwambia lolote.

Pikapu iliwaka. Mwalimu aliipaka rangi ya bluu, na kwa miezi kadhaa Mama Koku alikwenda kanisani amekaa mbele, kanga ya pili imekunjwa magotini. Nikaanza kujiambia kwamba baba anatia chumvi habari za namba. Lakini chuma laini hakikatiki siku ya kwanza. Kinavutika, kinalegea, kinasubiri.

Kilisubiri hadi Jumapili moja wakati wa mavuno ya kahawa. Walikuwa wanateremka mlima kurudi nyumbani, usukani ukazunguka mikononi mwa Mwalimu kama mfuniko wa sufuria. Gari likaingia mtaroni. Yeye alichubuka. Mama Koku alivunjika nyonga. Alilala hospitalini muda mrefu, akarudi na magongo, na hakuinama tena kwenye kibanja chake kupalilia. Mwanamke aliyelisha nyumba ile kwa jembe akawa wa kuletewa chakula kitandani.

Nilimwona tena Mwalimu alipokuja dukani na vipande vya bolti ndani ya leso. Baba alikuwa msikitini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Akavimwaga juu ya kaunta. "Nitazamie wewe mwenye ujuzi. Nadhani nilikaza kupita kiasi. Au sikukaza vya kutosha? Nashindwa kulala kwa swali hili."

Hakuja kulaumu. Alikuja kuuliza, kama mwanafunzi. Nami nikageuzageuza vile vipande, nikaona vichwa vyake vitupu, nikasema, "Labda ulikaza sana, Mwalimu. Bolti ikikazwa sana hukatika."

"Ndivyo nilivyofikiri," alisema. Akaondoka na kuvisahau pale pale.

Uongo wa kwanza niliusema kwa aibu. Wa pili niliusema nikijua mama wa watu hatembei. Huo wa pili ndio unaonila.

Baba alivikuta vile vipande. Akavitazama vichwani, akanitazama mimi. Hakupandisha sauti.

"Ulimpa za geti?"

"Ndiyo, baba."

"Nenda kamwambie. Kabla hujamwambia, usikae kwenye kaunta yangu."

Niliahidi kwenda. Kwanza nilisubiri mfungo uishe. Halafu mvua zilianza, barabara mbaya. Halafu nikapata mchumba, nikasema nitakwenda nikishaolewa. Baba alinifungia kaunta, nami nikajifanya nimechoka na biashara. Zaidi ya mwaka ulipita hivyo. Siku moja abiria mmoja wa Nyakatuntu akaleta habari kwamba Mwalimu Rwiza amezikwa.

Nilikwenda kutoa pole. Mama Koku alikuwa amekaa kwenye mkeka, magongo pembeni. Waombolezaji walipopungua nikamweleza yote, kuanzia sanduku tupu mpaka vile vipande kwenye leso. Nililia. Yeye hakulia.

"Waitu, mwanangu," alisema taratibu, "unajua nilimwambia nini alipokuwa akiniletea uji? Kila siku nilimwambia, mikono yako ndiyo imenivunja. Aliosha kikombe, akatoka."

Nikamwomba anisamehe.

"Mimi nitajaribu," alisema. "Lakini aliyetakiwa kuyasikia haya tumemfukia jana. Sasa nitakwenda kumwambia nani kwamba nilimwonea?"

Nilirudi Kayanga na swali hilo. Mpaka leo ninalo.

Mwanangu, siku hizi wateja wanawatumia picha ya bolti kwenye simu mkiwa mmekaa hapo dukani kwa babu yako, na ni rahisi zaidi kujibu "ipo" bila hata kuinuka. Inuka. Itazame kichwani. Kama huna, sema huna, hata kama mlangoni wamesimama watu kumi wa kukucheka; kicheko chao kitaisha kabla hawajafika stendi. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, nenda siku hiyo hiyo. Usingoje mvua ikatike. Usimwache mtu mwingine abebe kosa lako moyoni, wala usimwache mkewe amchukie kwa ajili yako. Msamaha una mtu wake, naye hakungoji.

Mungu akupe ulimi usioogopa kusema "sijui" na "hatuna". Akupe miguu myepesi ya kwenda kukiri. Na mimi niliyechelewa, unikumbuke katika dua zako.