Mstari wa Ambakisye

Siku yangu ya kwanza kwenye shamba la chai, mnyapara, yaani msimamizi wa wachumaji, alinivalisha kikapu mgongoni akasema: majani mawili na chipukizi lake, basi. Nilikuwa nimeacha shule baada ya kuwazika wazazi wetu. Mdogo wangu Ambakisye nilimwacha kwa jirani, kijijini Masukulu, akilia.

Nyinyi mliozoea mashine, jueni kwamba zamani kila mchumaji alikuwa na mstari wake wa michai. Usipochumwa kwa wakati jani hukomaa, kiwanda hulikataa, na mstari hupewa mwingine.

Ambakisye alipokua alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akarudi anavuta unga. Nilimpeleka Mbeya, kliniki ya methadoni, dawa inayonywewa mbele ya muuguzi kila siku. Alikaa huko kwa shangazi mpaka akaachishwa dawa taratibu. Nikamwombea kazi, akapewa mstari jirani na wangu. Msimu mzima alichuma vizuri. Kisha akatoweka na koti langu la mvua. Nikasikia amerudia unga.

Mnyapara akaleta mtu mpya. Nikamwambia mstari ule nitauchuma mimi, pamoja na wangu.

"Kwani dada una mikono minne?" akauliza mnyapara. Wenzangu wakacheka. "Haya. Jani likikomaa, nampa mwingine."

Kila zamu nilianza na wa Ambakisye. Wangu ulisubiri.

Shangazi alipotuma habari kwamba Ambakisye amerudi kliniki mwenyewe, nilikwenda kumwona. Alikuwa amekonda, hanitazami.

"Mstari wangu kapewa nani?"

"Upo."

"Usinidanganye, dada."

"Maliza dawa, uje uone."

Safari hii alikaa kliniki muda mrefu zaidi. Aliporudi alisimama mbele ya michai yake, akapitisha kiganja juu ya machipukizi laini. Mnyapara akamsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Ndaga, bwana mkubwa. Anza basi, dada yako amechoka."

Sasa nimestaafu, magoti hayapandi vilima. Ambakisye bado anachuma. Watu huniuliza kama amepona kabisa. Mimi sijui hiyo kabisa ni nini. Juzi alichelewa kurudi kutoka Tukuyu mjini, nikakaa mlangoni nikijizuia kumpigia simu. Aliingia viatu vyote tope.

"Nimewaona wale jamaa zangu wa zamani pale stendi," akasema. "Nikazunguka njia ya juu."

Njia ya juu ni ndefu, tena ina matope. Nikampashia chakula moto.