Siku Niliyofunga Dawa ya Maji

Siku moja ya mvua kubwa haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nakusimulia bila kujitetea. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nami kijana niliyepewa kuangalia mtambo mdogo wa maji katika bonde la Subukia. Mto ulikuwa umebeba majani yaliyooza, maji yakawa rangi ya chai.

Wiki hiyo mgeni kutoka Nakuru alitueleza jambo jipya: klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, ikikutana na uchafu wa majani huzaa kemikali nyingine, na wataalamu wanashuku kwamba mtu akizinywa kwa miaka mingi huenda zikamletea saratani. Hakusema uongo. Lakini mke wangu, Nyambura, alikuwa mjamzito, na masikioni mwangu lilibaki neno moja tu: saratani. Nikafunga koki ya dawa.

Kesho yake alifika Mzee Gurdip, fundi wetu mkuu. Akachota maji kwenye kichupa, akatia matone ya kupimia. Klorini ikiwepo, maji hugeuka manjano. Haya hayakugeuka. Akatikisa, akangoja. Wapi!

"Karanja, dawa iko wapi?"

"Nilifunga jana asubuhi, mzee. Niliogopa saratani."

"Umeogopa ugonjwa wa uzeeni, ukawafungulia watu homa ya matumbo ya wiki ijayo? Huo uzee wataufikiaje?" Akakimbilia bomba la kwenda majumbani, akalifunga. "Pita kila nyumba. Wachemshe maji. Anza kwako!"

Nilimkuta Nyambura mlangoni, kikombe mkononi.

"Usinywe!"

"Hiki ni cha tatu tangu asubuhi. Kwani umetia nini?"

"Sikutia kitu. Hiyo ndiyo shida."

Wiki tatu, mwanangu, kila asubuhi nilimgusa paji la uso kutafuta homa. "Niachie kichwa changu, bwana," alinung'unika, lakini nilimwona naye akijigusa nikigeuka. Kazini, Mzee Gurdip alinifundisha upya, polepole: tia shabu ikusanye uchafu, ngoja utuame, pitisha maji kwenye mchanga, ndipo upime dawa. Majani yakitoka kwanza, klorini hukosa cha kuzalia zile kemikali kwa wingi.

Hakuna aliyeugua. Ilikuwa bahati, si akili yangu. Binti yetu alizaliwa mzima.

Basi sikia. Ukisikia kwamba dawa ya maji ina hatari yake, usizibe masikio, maana ni kweli. Wala usiitupe dawa, maana vijidudu huua mapema zaidi. Maji yakiwa machafu, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, kisha tia dawa kwa kipimo. Na ukishikwa na hofu, muulize anayejua kabla hujagusa koki ambayo wengine wanainywea.

Mungu akupe maji safi nyumbani mwako, na miaka mingi ya kuyanywa.