Fundi Aliyeniuliza Nini Kitangulie

Usiponiamini, shauri yako. Mimi sinywi, sivuti, na siku hiyo jua lilikuwa la utosi pale Kagongwa.

Nachimba dhahabu. Duarani kwetu, yaani kwenye shimo la dhahabu, kuna mwiko: ukisikia msiba asubuhi, hushuki shimoni siku hiyo, utawabebea wenzako mkosi. Na mtandaoni, kila nikifungua simu, cha kwanza ni picha ya marehemu na mishumaa! Nikawa nashinda juu wenzangu wakitoa mawe. Niliudhika sana.

Ndipo nikaenda kwa fundi simu mmoja mgeni, mzee nadhifu, amekaa peke yake chini ya mwamvuli. Haki ya Mungu, aliitikia "marahaba" kabla sijafungua mdomo kumwamkia. Simu yangu ilikuwa imezima, haina chaji. Akaigusa, ikawaka. Kwa nini sikukimbia?

"Ng'wanawane, mwanangu, unataka nini kitangulie?"

"Vichekesho na mpira. Magonjwa na misiba tupa chini kabisa."

"Kabisa?"

"Kabisa, mzee."

Wiki tatu nilichimba na kucheka. Siku moja, kwa uvivu tu, nikashusha kidole mpaka mwisho. Kumbe dada yangu wa Mhunze alikuwa ameniandikia: "Mama anaumwa, anakutaja wewe tu." Halafu: "Hataki kula mpaka akuone." Halafu picha ya kaburi, udongo bado mbichi. Hata simu alizonipigia nikiwa shimoni zilikuwa zimetupwa huko huko. Mama amekufa ananisubiri, mimi nacheka paka anayecheza muziki.

Nilirudi Kagongwa nalia. Mzee yupo pale pale.

"Geuza! Misiba itangulie, kabla ya chochote!"

"Kabla ya chochote?"

"Chochote!"

Akatabasamu. Sijamwona tena, na nimemtafuta.

Tangu hapo misiba inanifikia kabla ya vifo vyenyewe. Masanja, niliyechimba naye, nilimwona na mishumaa yake Jumatatu. Nikamsihi asishuke, akanicheka mbele ya watu. Alhamisi duara likamfunika. Nimebadilisha simu mara mbili, ni yale yale.

Wewe ukiulizwa nini kitangulie, usijibu kwa hasira kama mimi.

Leo asubuhi imekuja picha ya dada yangu, na mishumaa. Tangu mazishi alikuwa hapokei simu yangu. Leo amepokea.

"Yaishe, kaka," akasema. "Njoo Jumapili nikupikie."