Sikio la Pili la Hedifoni

Mama anayetushonea majoho ya kwaya hutazama katuni za Kijapani huku akikanyaga cherehani, simu ameiegemeza kwenye kopo la vifungo. Sikio moja la hedifoni hulivaa. La pili hulilaza juu ya kigoda kilicho kando yake, alipozoea kukaa binti yake kabla hawajakosana na binti kuhama. "Hivi vitoto vyenye macho kama sahani havinipendezi hata kidogo," huniambia, pini zikiwa midomoni. "Makelele matupu! Ila binti yangu alikuwa akivicheka mpaka machozi." Hata hivyo, likitokea la kuchekesha, hugeukia kigoda kwanza.

Jana nilikwenda kupimwa joho, nikamkuta amesimamisha cherehani. Kwenye simu, kijana mmoja mkorofi wa katuni hizo, ambaye Mama humtukana kila siku, alikuwa amekaa mvuani peke yake, milango yote imefungwa. Mama akanong'ona, "Bwana, mrudishe huyu kwao."

Nikacheka. "Si ulisema hutaki hata kumwona?"

"Sitaki, ana mdomo mchafu. Lakini Yesu hakuniuliza nani ananipendeza. Aliniambia nipende." Akafuta kioo cha simu kwa ncha ya joho langu, taratibu, kama anayefuta uso wa mtu.

Miguu ilikuwa imechoka, nikavuta kile kigoda nikae. Akakiwekea kiganja upesi.

"Kaa hata juu ya meza, dada yangu," akasema. "Hapo pana mtu."